Sinia Chini ya Pazia

Kilichoninyima usingizi wiki ile kingemchekesha mtu mwingine. Nilikuwa najiuliza kama mtu anaweza kusimama mbele ya wageni akaeleza jinsi jirani yake alivyokuwa akila. Basi, hilo tu. Siku moja moja bado tulisikia risasi kutoka milimani, watu wa Bujumbura walikuwa na mambo mazito ya kuwakesheza, na mimi nimelala chali katika chumba nilichokulia, mtaa wa Buyenzi, nalipima swali la chakula. Nililigeuza upande huu nikaona ni usaliti. Nikaligeuza upande ule nikaona ni heshima. Kisha nikaanza kujiuliza ni mtu gani mwenye akili timamu anayegeuzageuza swali la namna hiyo, na hapo usingizi ukaondoka kabisa.

Mambo yalianzia kwenye kopo la maziwa ya unga.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, idara ya Kiingereza, baada ya miaka mingi kuliko inavyotakiwa, kwa sababu chuo chenyewe kilikuwa kikifungwa na kufunguliwa kama duka la mtu mgonjwa. Nikarudi nyumbani na shahada yangu, nikakaa. Baba, fundi wa magari, hakusema neno. Majirani walisema kwa niaba yake: "Shule imeisha, eeh? Sasa?" Hilo "sasa" lilinifuata mpaka bombani. Lakini vita vilikuwa vinaelekea ukingoni, askari wa kigeni wenye kofia za buluu walikuwa wanapita mjini, na ghafla kila ofisi ilitaka mtu wa kusema Kiingereza. Kituo kimoja cha lugha kule mjini kikatangaza nafasi ya mwalimu mmoja. Tukaitwa watatu.

Mkurugenzi wa kituo alikuwa mtu mpole aliyeteremka kila asubuhi kutoka Kiriri, mtaa wa wenye pesa, na gari lake, shati lisilojua jasho. Alitupitishia kopo lenye vikaratasi vilivyokunjwa.

"Kila karatasi iko na neno moja la Kiingereza," alisema, "neno lililoundwa kwa maneno mawili. Jumamosi, saa nne asubuhi, mutalieleza mbele ya wanafunzi wangu. Ni watu wazima, hawapendi kuchoshwa. Neno limetoka wapi, linafanya kazi gani. Nitaangalia ni nani wanamuelewa."

Mwenzangu tuliyesoma pamoja, kijana wa mtaa wa Mutanga Nord mwenye mdomo usiolala, alipata *motel*, neno la hoteli za wasafiri wenye magari. Mimi nilifunua changu nikasoma: *brunch*.

Nililijua. Kamusi kubwa ya idara ilikuwa nayo habari yake. Ni kipande cha mbele cha neno la kifungua kinywa, kimeungwa na mkia wa neno la chakula cha mchana. Lilizaliwa Uingereza, karibu na mwisho wa karne ya kumi na tisa, na mtu aliyeliandika alikuwa anautetea mlo wa Jumapili kwa ajili ya watu waliokesha Jumamosi kwenye starehe. Waamke wanapotaka, wale mara moja, kifungua kinywa na cha mchana ndani ya sahani moja, wasibughudhiwe. Kutoka Uingereza likavuka bahari likaenda Marekani, na huko likaota mizizi hotelini. Habari yote ilikaa kwenye nusu ukurasa.

"Una bahati, sha!" mwenzangu aliniambia tulipotoka. "Mi nitawafundisha nini, mashuka? We chora hoteli moja kubwa ya kando ya ziwa. Weka mayai, weka jusi, weka muzungu na gazeti yake. Imekwisha."

"Na mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye hiyo hoteli?"

"Si ndiyo maana anasoma Kiingereza? Aingie!" Akanitazama akaona tayari nimeanza kukunja uso. "Wee, usianze. Najua unavyofanya. Utafikiri mpaka neno lenyewe litachacha. Chora yai, sha."

Nikaenda nyumbani nikachora yai. Nikaandaa somo zima la hoteli, na lilikuwa somo safi. Lakini kila nilipofika mahali pa kusema "watu waliokesha kwenye starehe", kalamu ilisimama. Watu wa darasa lile walikuwa wamepitisha zaidi ya miaka kumi bila kukesha kwenye starehe yoyote. Jua likizama, kila mtu nyumbani kwake, mlango kwa komeo. Nitawaambiaje kwamba mlo huu ni wa wavivu wa Jumapili?

Tena nilikuwa na sababu nyingine. Mlo huo mimi niliujua. Nilikuwa nimeula miaka mitatu mfululizo, na hakukuwa na muzungu wala gazeti.

Sisi tuliuita saa nne.

Ilikuwa katikati ya vita, mimi bado msichana wa shule. Barabara za kuingia mjini zilikuwa zinafungwa, na makaa, ambayo hutoka milimani, yakawa adimu. Yaliposhuka, yalishuka asubuhi, watu wakishahakikisha njia ni shwari. Soko nalo halikufunguka mpaka habari zijulikane: usiku ulipitaje, mtaa gani usipite leo. Kwa hiyo hakuna aliyepika alfajiri. Na jioni hakuna aliyetaka kuonekana uani ameinamia moto. Kwa siku ulipatikana moto mmoja, katikati ya asubuhi, na juu ya moto huo ilibidi ipikwe chai, wali, maharage na chochote kilichopatikana, vyote kwa zamu, viliwe kwa pamoja kabla baba hajaenda gereji na sisi shule, kama ipo.

Mwaka huohuo alihamia uani kwetu mama mmoja, karani wa ofisi ya serikali, mjane, Mkristo, mzaliwa wa milimani. Mtaa wake ulikuwa umebaki mtupu. Alifika na watoto wawili na godoro kichwani, akiomba chumba cha nyuma. Katika miaka ile, swali la "wewe ni nani" liliua watu. Baba alimtazama, akatazama mlango wa chumba, akauliza kama godoro litapita. Hilo ndilo swali pekee alilomuuliza. Ninapoambiwa leo kwamba watu wa Buyenzi ni watu wa maneno mengi, huwa namkumbuka baba siku ile.

Makaa hayakutosha nyumba mbili. Mama akamwambia jirani, tupike kwenye mbabura moja, jiko letu la makaa. Jirani akakubali, akaleta sufuria yake ya maharage. Na hapo ndipo shida ilipoanza, shida ambayo nadhani haiwezi kutokea kokote isipokuwa kwetu.

Kwetu Waswahili, chakula ni sinia katikati na mikono kulizunguka. Anayechukua sahani yake akajitenga amekataa watu. Kwao jirani, mtu mzima aliyelelewa vizuri hatafuni mbele ya watu wa nyumba nyingine. Kula ni jambo la ndani. Anayefungua kinywa hadharani hana adabu, na anayemtazama mwenzake akila hana adabu zaidi. Basi chakula kilipoiva siku ya kwanza, mama aliweka sinia mkekani akasema karibuni. Jirani alishukuru kwa upole, akapakua kidogo kwenye bakuli, akaingia chumbani kwake, akashusha pazia.

Mama alilitazama lile pazia kana kwamba limemtukana. Lilikuwa kitambaa cha kijani chenye maua meupe, zito.

"Tunanuka?" aliuliza.

"Nyamaza, mama watoto," baba alisema.

"Nauliza tu. Kama tunanuka, mutu aseme."

Ilienda hivyo siku kadhaa. Mama aliona dharau. Jirani naye, tulikuja kujua baadaye, alikuwa anashangaa nyuma ya pazia ni watu gani hawa wanaokula uani kama kuku, tena wanataka na yeye atazamwe. Kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake kwa nguvu zake zote, na kila mmoja alikuwa ameudhika. Watoto hatukuwa na mpaka. Tulipita chini ya pazia kama panya, tonge hapa, tonge kule.

Halafu asubuhi moja sinia lilikuwa kizingitini. Nusu yake ilikuwa nje, upande wetu, nusu ndani, upande wake, na pazia limelala juu ya wali katikati, limekunjwa kidogo lisiguse mchuzi. Sisi tulikaa nje, yeye amekaa ndani. Tuliona mkono wake tu, ukija, ukichukua, ukirudi. Yeye aliona yetu. Hakuna aliyemwona mwenzake akitafuna, na wote tulikula sinia moja.

Tulikula hivyo kwa muda mrefu. Niliujua ule mkono kuliko uso wa mwenyewe. Kidole cha shahada kilikuwa na doa la wino wa ofisini. Mkono ulikuwa unasukuma ndagala kuja upande wetu watoto. Mama akiuona, anawasukuma ndagala kurudi ndani, na samaki wadogo wale walivuka kizingiti mara nyingi kuliko askari walivyovuka daraja. Tulizungumza humohumo, sauti zikipita kwenye maua: habari za soko, nani amerudi, nani hajarudi. Risasi zikilia karibu, mikono yote ilisimama, halafu mmoja unaanza tena, kisha mwingine.

Asubuhi moja tulikuta pazia limefungwa fundo, liko juu, jirani amekaa mahali pake na uso wake wote. Baba alimpa maji ya kunawa.

Hiyo ndiyo *brunch* niliyoijua, na nilikuwa na masomo mawili, la yai na la pazia. La yai lingeweza kunipa kazi bila kumgusa mtu. La pazia lilikuwa la kweli, lakini halikuwa langu peke yangu. Jirani yetu, mpaka leo, akialikwa harusini mjini, hutafuta pembe akala ameupa ukuta uso. Kwetu tu ndiko anakokula wazi. Nitamwanikaje mbele ya mkurugenzi wa Kiriri na darasa la watu nisiowajua? Na kama nikiwaacha wakamwona ni mtu aliyelishwa na majirani? Na nikikaa kimya nikachora yai, nikapata kazi kwa yai, nitaingiaje uani jioni?

Nilimwendea mama kwanza. Alikuwa anachambua mchele.

"Mama, ile saa nne ya wakati ule, nani alianzisha kuweka sinia chini ya pazia?"

"Mi," alisema bila kuinua kichwa.

"Nataka kuisema Jumamosi. Kwenye mutihani wa kazi."

Hapo aliinua kichwa. "Sinia ni yangu, sema. Pazia ni ya mutu. Kamuulize mwenye pazia."

Nikasema nitamuuliza leo. Sikumuuliza. Nilipanga maneno ya kuanzia, nikayaona yananyenyekea mno, nikapanga mengine, nikayaona makavu. Niliwaza nimwombe kwa Kirundi, lugha yake, kisha nikaogopa ataona ninamwomba kwa mbali kama mgeni. Nilifika mlangoni pake nikaomba chumvi. Kesho yake nikaomba kiberiti. Mama alikuwa ananitazama. "Utamaliza vitu vyake vyote," alisema.

Ijumaa jioni jirani mwenyewe, amevua viatu vya ofisi, amekaa kwenye kigoda chake, aliniambia: "Mukobwa wanje, binti yangu, unataka nini? Maana chumvi unayo."

Nikasema yote kwa mkupuo: kopo, neno, Uingereza, wavivu wa Jumapili, yai, pazia. Nilizungumza vibaya, nikirudia na kujikosoa. Nilipomaliza alivipanga viatu vyake kando ya kigoda, kimoja sambamba na kingine.

"Hao watu wa darasa," aliuliza, "ni watu wa wapi?"

"Wa kila mahali. Makarani, wauza vitambaa, manesi. Na direkteri wa Kiriri."

"Wanakula mbele za watu?"

"Sijui. Wengine kama wewe."

"Ego," aliitikia, akatazama mikono yake. "Wewe ulikuwa mutoto, ulikuwa unaona mukono tu. Sasa sikia. Sema, lakini usiseme njaa. Watu wakisikia vita na chakula, wanafikiri njaa, wanaanza kukuonea huruma. Mi sikuja hapa na njaa. Nilikuja na maharage. Tulikuwa na moto mumoja, nyumba mbili, na adabu mbili. Hiyo ndiyo useme."

"Nitasema."

"Na useme nani alileta ile akili ya kizingiti. Ni mimi."

Kutoka mbaburani mama aligeuka na mwiko mkononi. "Ati nani?"

"Mimi."

"Yoo! Mama, mi ndiye nilisukuma ile sinia! Nilikuwa na hasira. Nilisema, hataki kutoka? Basi sinia imufuate! Nilisukuma na muguu!"

"Na muguu?" Jirani alishangaa kweli. "Miaka yote hii, ulinisukumia chakula na muguu?"

"Kidogo tu. Na kidole."

"Basi ulisukuma ikafika mulangoni ikasimama. Nani aliivuta? Kama sikuivuta, ingebaki inje na inzi."

"Ulivuta?"

"Nilivuta nusu. Nikasema, nikiivuta yote watasema nimewaibia."

Baba alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa chenye oili. Alicheka mpaka akakaa chini. Wanawake wawili waliendelea, nani kwanza, mguu au mkono, mpaka maharage yakaanza kunuka kuungua na wote wakakimbilia sufuria moja. Mimi nilisimama pale uani nimejaa fahari. Neno la Waingereza lilikuwa na mtu mmoja wa kulisimamia kwenye kamusi. La kwetu lilikuwa na wawili, wako hai, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake.

Jirani aliingia ndani akafungua sanduku. Alirudi na lile pazia, limefuliwa, limekunjwa pembe kwa pembe. Maua yalikuwa yamefifia. Sikujua lilikuwa bado lipo.

"Njoo nalo basi, twende wote kesho," nilimwambia. "Ukae nyuma yake mwenyewe."

"Oya. Mi sikuji kula mbele za watu." Akacheka, kiganja mdomoni. "Mukono wako utatosha."

Ungedhani hapo niliamua. Sikuamua. Jumamosi asubuhi nilitoka nyumbani na masomo yote mawili: karatasi za hoteli kwenye mkoba, na sinia kichwani, limefunikwa kawa, limefungwa kwa kitenge, pazia juu yake. Mama alikuwa amepika wali, jirani maharage, na ndagala wa kukaanga sijui ni wa nani. Nilijiambia nitaona hali ya darasa kwanza. Njia nzima niliwaza: wakikataa kula? Wakiona nimewatukana, mimi Mswahili ninayewalazimisha kutafuna mbele ya watu? Mkurugenzi akisema hapa si mgahawa?

Mwenzangu alikuwa mlangoni pa kituo, tai shingoni. Aliniona na mzigo wangu.

"Umekuja kufundisha ao umekuja kuolewa?"

"Bado sijui," nikamwambia, na nilimaanisha.

Alifundisha kabla yangu, na alifundisha vizuri. Alichora barabara na gari na kitanda, watu wakacheka, mkurugenzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mtahiniwa wa pili akapita. Kisha nikaitwa. Dirisha lilikuwa wazi, na mtaani palikuwa na joto lile la saa nne ambalo ngozi yangu inalijua.

"Mademoiselle, tunakusikiliza," mkurugenzi alisema.

Niliwatazama. Mbele alikaa mama mmoja wa makamo, kitenge kimefungwa kwa heshima, miguu pamoja, mkono umekaa karibu na mdomo hata kabla ya chakula kuonekana. Aliketi vilevile kama jirani yetu wiki ile ya kwanza. Nilikuwa tayari nimeshika karatasi za hoteli. Niliona kwamba nikimwonyesha yai, atanakili yai, atakwenda nyumbani, na hatajua kamwe kwamba mlo huu yeye ndiye mwenyewe.

Nikazirudisha karatasi mkobani, nikafunga zipu.

"Wee, njoo shika," nilimwambia mwenzangu. Alisimama bila kuelewa. Nikampa ncha moja ya kamba niliyoipitisha kwenye upindo wa pazia, ncha nyingine nikaifunga kwenye msumari wa ramani, na pazia la kijani likateremka mbele ya darasa, mpaka chini.

"Zilikuwa nyumba mbili, zenye moto mmoja," nilisema. "Na adabu mbili."

Nikaweka sinia sakafuni, nusu upande wao, nusu upande wangu, nikaondoa kawa. Harufu ya maharage ya jirani ikaingia darasani kabla ya neno lolote la Kiingereza. Nikanawa mikono, nikazunguka, nikakaa chini nyuma ya maua, mahali wasipoweza kuniona uso. Kisha nikapitisha mkono chini ya pazia, nikasukuma ndagala upande wao.

"Karibuni," nikasema.